Ramani Ichorwe na Mwenyeji

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa mezani kwao Ulaya wakapatana namna ya kuigawana Afrika ya Mashariki. Waliweka nukta moja pwani, penye mdomo wa mto Umba. Waliweka nukta nyingine ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali ambapo mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta unalikuta ziwa. Kisha wakaziunganisha nukta hizo mbili kwa mstari, wakaupinda mahali pamoja tu, ili Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Hakuna aliyefika Tarime kumwuliza Mkuria boma lake liko wapi, wala ng'ombe wake wanakunywa maji ya mto gani. Mstari ulipita katikati ya watu, ndugu wakalala usiku mmoja wakiwa wa nchi moja, wakaamka wakiwa wa nchi mbili.

Tumeanza na habari hiyo ya kale kwa sababu mistari haijaacha kuchorwa. Inachorwa leo, saa hii, na kila mstari unaochorwa juu ya ardhi ya wananchi una mtu atakayefaidika nao na mtu atakayeumia. Tofauti ni kwamba rula imewekwa kando na kalamu imewekwa kando. Mistari ya siku hizi inachorwa ndani ya kompyuta, na mwenye kujua kuichagua, kuipanga na kuirekebisha ndiye mwenye neno. Katika makala haya twataka kuwaeleza wanachama wenzetu na wafanyakazi wenzetu kazi hiyo ni kazi gani, na kwa nini twasadiki kwamba vijana wa Issenye, na wa vijiji vingine vya Mkoa wa Mara, wanapaswa kuijua kama wanavyojua jembe.

Issenye iko katika Wilaya ya Serengeti, upande wa magharibi wa Mugumu, jirani ya nchi ya wanyama inayojulikana dunia nzima. Mtalii aliyeko London au Chicago anaweza kukuonyesha kwa kidole njia wanayopita nyumbu kila mwaka, maana njia hiyo imechorwa katika vitabu na magazeti mara nyingi zisizohesabika. Lakini mtalii huyo huyo, hadi miaka michache iliyopita, asingeweza kukuonyesha njia anayopita mtoto wa Serengeti kwenda shuleni, kwa sababu katika ramani nyingi haikuwamo. Nyumbu alikuwa na ramani kabla ya mtoto. Jambo hili si la kuchekwa. Mahali pasipo katika ramani hapafikiwi upesi na mganga, wala na gari la polisi, wala na mtu yeyote anayekuja kuokoa.

Na katika Mkoa wa Mara wako watu wanaohitaji kuokolewa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 28 kwa Mara na 8 kwa nchi nzima. Tumepiga hatua, lakini hatua fupi. Hasa mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, wako wasichana wanaotoroka usiku na kukimbilia porini, kwa sababu wamesikia ngoma na wamejua zamu yao imefika.

Mtu anayeijua habari hiyo kwa mwili wake ni Ndugu Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Mara, ambaye alikeketwa akiwa msichana mdogo, akatokwa na damu nyingi hata karibu apoteze maisha. Tangu mwaka 2017 anaongoza shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lenye nyumba salama za kuwapokea wasichana katika wilaya za Butiama na Serengeti. Simu hupigwa usiku: yuko msichana, kijiji fulani, kitongoji fulani. Gari linataka kuondoka, pamoja na polisi. Swali la kwanza la dereva ni lile lile siku zote: nipite wapi?

Kwa ajili ya swali hilo, mwaka 2015 mama mmoja wa Uingereza, Janet Chapman, alianzisha kazi iitwayo Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea katika nchi nyingi walikaa mbele ya kompyuta zao, wakatazama picha za setilaiti za vijiji vyetu, wakachora juu yake nyumba na njia, na kuviweka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuirekebisha bila kulipa. Hapa nyumbani wananchi walipewa mafunzo ya kuongeza majina ya vijiji, shule, zahanati na makanisa kwa simu zao za mkononi. Ramani hiyo huwekwa katika simu na husomeka hata mahali pasipo mtandao. Wasichana wamefikiwa kwa msaada wake. Ndiyo maana twasema kwamba kazi ya kuchora ndani ya kompyuta si mchezo wa vijana wa mjini.

Sasa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tumeona picha katika kompyuta wala hatujaambiwa imetengenezwaje.

Picha za kompyuta ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni kama picha ya kamera: vitone vingi vidogo vya rangi vimepangwa safu kwa safu. Ukiikuza sana, vitone huonekana kama matofali, na sura ya mtu hupotea. Namna ya pili haina vitone. Kompyuta huweka hesabu tu: nukta ya kwanza iko hapa, ya pili iko pale, mstari unatoka hii kwenda ile, eneo lililozungukwa lina rangi ya kijani. Kila kitu kilichochorwa hubaki kitu kamili chenye mwanzo na mwisho wake. Ukiikuza picha hiyo hata ijae ukuta wa ofisi ya kata, kompyuta hufanya hesabu upya na mstari hubaki mwembamba na safi. Hiyo ndiyo huitwa michoro ya vekta, na ramani ni mojawapo ya michoro hiyo.

Si maarifa ya jana. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alionyesha mashine iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo, kisha kukishika kitu alichochora na kukisogeza. Katika miaka hiyo hiyo wahandisi wa magari wa Ufaransa, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, walitafuta hesabu ya kuuelezea mpindo wa bati la gari kwa nukta chache tu. Hesabu iliyotokana na kazi yao ndiyo inayotumika hadi leo kila mtu anapopinda mstari ndani ya kompyuta. Na leo si lazima mwananchi awe na fedha nyingi ili aipate zana. Programu ya Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, hutolewa bure. Programu za ramani ziitwazo JOSM na QGIS nazo ni za bure. Kinachokosekana kwetu ni mashine, umeme na mafunzo. Ruhusa ya kutumia zana tunayo tayari.

Kazi ya mchoraji ina sehemu tatu, na kila sehemu ina adabu yake.

Ya kwanza ni kuchagua. Ndani ya programu hizi hakuna kinachofanyika mpaka mchoraji amechagua kitu anachokusudia. Kompyuta haikisii nia ya mtu. Katika Inkscape na katika JOSM pia, herufi S katika kibodi huleta kishale cha kuchagulia. Ukibofya kitu kimoja, kimechaguliwa hicho. Ukishikilia kitufe cha Shift na kubofya kingine, vimechaguliwa vyote viwili. Ukiburuta kipanya na kuzungusha kisanduku, umechagua kundi zima lililomo. Ni rahisi kama kuhesabu mbuzi, na hatari yake ni ile ile ya kuhesabu mbuzi, yaani kumjumuisha wa jirani. Mchoraji asiyetazama amechagua nini anaweza kusogeza kipanya kidogo tu, na njia ya kijiji kizima ikahama mita mia kuingia msituni, naye asijue. Ipo dawa: vitufe vya Ctrl na Z vikibonyezwa pamoja hurudisha hali ya mwanzo. Lakini dawa humfaa anayejua kwamba anaumwa. Kwa hiyo adabu ya kwanza ni kutazama kabla ya kushika. Nasi twaongeza kwamba adabu hiyo ingewafaa pia viongozi wengi wasioshika kompyuta kamwe.

Ya pili ni kupanga. Katika mchoro wa vekta vitu hulazwa kimoja juu ya kingine, kama makaratasi juu ya meza, na cha juu hukifunika cha chini. Katika Inkscape kitufe cha Page Up hukipandisha kitu ngazi moja, na Page Down hukishusha. Katika QGIS tabaka nzima za ramani hupangwa hivyo hivyo: barabara, mito, mashamba, malisho, makazi. Mtu atasema kwamba hayo ni mapambo. Si mapambo hata kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimeweka kijiji katika nafasi ya kupanga ardhi yake: hapa tutalima, hapa tutachunga, hapa tutajenga, hapa ni chanzo cha maji na pasiguswe. Mpango huo huchorwa katika ramani, na ramani huletwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Chukulia kwamba mchoraji amelaza rangi ya malisho juu ya alama ya chemchemi. Katika ardhi, chemchemi ingali inatoa maji. Katika karatasi, haipo. Wanakijiji wananyoosha mikono, mpango unapita, na miaka mitano baadaye watu wanagombana kando ya maji ambayo hayamo katika maandishi. Hakuna aliyeiba chemchemi. Kosa lilikuwa la ngazi moja tu ya kitufe, lakini hakuna aliyejua kuuliza, «Chini ya rangi hii kuna nini?»

Tunataka katika kila mkutano wa namna hiyo awepo angalau kijana mmoja wa kijiji anayeweza kuuliza swali hilo, na mwingine wa kulijibu.

Ya tatu ni kurekebisha umbo. Kila mstari una nukta, na nukta hushikwa na kuvutwa. Katika Inkscape herufi N huzionyesha nukta zote za mstari uliochaguliwa. Ukitaka mpindo, kila nukta ina vishikio viwili kama mikono ya baiskeli; ukivigeuza, mstari unalainika au unakunjika. Mahali pasipo nukta za kutosha unaongeza, mahali penye nyingi mno unapunguza. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mstari wa kompyuta una heri kuliko samaki, maana haukauki.

Mchoraji wa ramani hutumia maarifa hayo kila dakika. Nyumba ya bati yenye pembe nne huchorwa kwa nukta nne, na kwa kuwa mkono wa mtu hutetemeka, herufi Q katika JOSM huzinyoosha pembe zikawa sawa. Nyumba ya msonge huchorwa kwa nukta chache, na herufi O huzipanga zikawa duara. Kisha kuna jambo ambalo mgeni wa kazi hulikosea: setilaiti haikupiga picha ikiwa juu ya utosi wa nyumba sikuzote, bali mara nyingi ilitazama kwa upande, na kwa hiyo paa huonekana limeinama na kuuacha msingi. Mchoraji mzuri hulichora paa, kisha hulisogeza umbo lote mpaka likae juu ya msingi, maana watu wanakaa msingini. Na mto? Mito ya Grumeti na Rubana haiendi kama risasi. Anayeichora kwa nukta mbili au tatu kwa uvivu, akakata kona zake zote, anafanya kosa lile lile la mwaka 1886: ameipa nchi umbo la rula yake.

Lakini kati ya makosa yote, liko moja ambalo twaomba msomaji alishike hata kama atayasahau mengine. Njia mbili zikikutana katika ramani, lazima ziwe na nukta moja ya pamoja pale zinapokutana. Kwa macho, mstari unaofika barabarani na mstari unaokaribia barabara bila kuigusa ni sawa kabisa. Hata mistari miwili inayopitana juu kwa juu, kama waya wa simu juu ya reli, huonekana imekutana. Kompyuta haina macho. Inatafuta nukta. Isipoiona, inaamua kwamba hapo hakuna njia ya kukata kona.

Basi tufikirie usiku wa Desemba. Simu imepigwa. Gari linatoka Mugumu, na simu ya dereva inamwongoza. Kitongoji kiko kilometa mbili tu kutoka barabara kubwa, kwa njia ya udongo. Njia hiyo imechorwa, inaonekana wazi. Lakini mchoraji aliyeko mbali, akiwa amechoka, aliiachia njia hiyo ikome hatua chache kabla ya barabara. Mashine inahesabu, haioni nukta, inamwambia dereva azunguke kilometa thelathini kupitia kijiji kingine na mto ambao wakati wa mvua hauvukiki. Msichana yuko kichakani anasubiri. Tumeandika mfano, wala hatusemi kwamba siku fulani mahali fulani ilikuwa hivyo. Lakini kila mtu anayeifahamu kazi hii anajua kwamba kosa hilo ni la kawaida, na kwamba kulirekebisha ni kazi ya sekunde tatu kwa anayejua njia ile. Na anayejua njia ile ni nani? Ni mtu wa Issenye aliyeipita jana akiwa na baiskeli.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha maneno yetu. Wenzetu wa ng'ambo wametusaidia, nasi si watu wa kusahau wema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini msaada wa mgeni una mpaka wake. Aliyeko London anaweza kuliona paa kutoka angani. Hawezi kujua kwamba paa lile ni zahanati wala si ghala. Anaweza kuona mstari wa udongo, hajui kama ni njia ya gari au ni njia ya ng'ombe. Na jina la mahali halionekani kutoka angani hata kwa setilaiti iliyo bora kuliko zote. Jina liko kinywani mwa watu, na watu hao wengine ni wazee.

Watu wa magharibi ya Serengeti si wageni wa elimu hii. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha jinsi Waikoma, Wanata, Waissenye na Wangoreme walivyoihifadhi historia yao kwa majina ya mahali: vilima, mito, mahame ya zamani na mahali patakatifu. Mapokeo ya Waissenye yanapataja Nyeberekera, upande wa mashariki, walikokaa kabla ya taabu za karne ya kumi na tisa kuwatawanya. Tena ameandika juu ya desturi ya rika lililopewa dhamana kuizunguka nchi kwa miguu, ili kuilinda na kuiponya. Tutafakari kidogo jambo hilo. Kundi la watu linatoka mahali, linakwenda alama kwa alama, na kurudi pale pale lilipoanzia. Mchoraji wa kompyuta hufanya hivyo hivyo anapochora eneo: nukta kwa nukta, na nukta ya mwisho hufungwa juu ya ile ya kwanza. Wazee wetu walichora kwa nyayo. Kijana anayejifunza leo hajifunzi jambo geni kwa ukoo wake. Anajifunza kalamu mpya.

Lakini kalamu hiyo isipochukuliwa upesi, wale wenye majina watakufa nayo. Katika nchi ya Serengeti mipaka imebadilika mara nyingi: hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951, ikapewa mipaka mipya mwaka 1959, vijiji vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970, mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, na leo hatuandiki kuzipima. Twasema jambo moja tu, kwamba kila mara mstari uliposogezwa, yako majina yaliyobaki upande wa pili, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuyasikia. Ramani haiwezi kuurudisha wakati, lakini inaweza kuliandika jina.

Liko neno la tahadhari pia. Si kila kitu kinafaa kuchorwa. Ramani iliyo wazi kwa rafiki iko wazi kwa adui vile vile. Nyumba anayolala msichana aliyewakimbia wazazi wake isiwekwe alama ya kumwongoza mtu mwenye hasira. Mahali patakatifu pa wazee pasiandikwe bila idhini yao. Kuchagua, ambako tumekwisha kukutaja kuwa kazi ya kwanza, ni pamoja na kuchagua cha kuacha. Jambo hili nalo mwenyeji hulijua vizuri kuliko mgeni.

Wako watakaotuambia kwamba tunaota, kwamba shule hazina umeme wa kutosha, na kompyuta moja hugombaniwa na wanafunzi arobaini. Hatukatai. Lakini taifa hili lilipoanza kupambana na ujinga, umaskini na maradhi, lilikuwa na kalamu chache kuliko kompyuta zilizopo leo, na watu wazima walijifunza kusoma wakiwa wameketi chini ya miti. Wengine watasema kwamba ramani haiondoi mila mbaya. Ni kweli kabisa. Ramani haimshawishi baba, haimkamati ngariba, haimpi msichana ada ya shule. Kazi hiyo ni ya wazazi, walimu, viongozi wa dini, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mahakama, na sisi sote. Ramani inafanya jambo dogo: inafupisha njia kati ya mwenye shida na mwenye msaada. Usiku wa Desemba jambo dogo hilo ndilo linalotakiwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji bajeti ya kutisha.

Kwanza, shule za sekondari zilizo na kompyuta katika Wilaya ya Serengeti na wilaya jirani ziwafundishe wanafunzi kuchora kwa programu za bure, si kuandika barua tu. Mwanafunzi aanze na ramani ya shule yake, kisha kitongoji chake. Atajifunza jiografia, hesabu na uraia kwa pigo moja.

Pili, mabalozi wa mashina wa Chama chetu wahusishwe. Tangu miaka ya 1960, Chama kilipounda mashina ya nyumba kumi kumi, balozi amekuwa ramani inayotembea: anajua nyumba ipi ina mgonjwa, njia ipi hujaa maji, nani amehama. Kijana mwenye simu na balozi mwenye habari waketi pamoja jioni moja, na nyumba kumi zitakuwa na majina kabla ya giza kuingia. Na habari za faragha balozi aziache moyoni mwake. Hazina haja ya kwenda katika ramani.

Tatu, kila mpango wa matumizi ya ardhi unapoletwa mbele ya mkutano wa kijiji, mafundi waufungue katika kompyuta mbele ya watu, waondoe tabaka moja moja, waonyeshe kilicho chini. Karatasi iliyokwisha kuchapwa haiulizwi maswali.

Nne, wafanyakazi wa mijini waliotoka Mara, wenye kompyuta ofisini na nyumbani, watoe saa moja kwa juma kurekebisha ramani ya kijiji walikozaliwa. Wageni wametoa usiku wao kwa ajili ya vijiji ambavyo hawatavikanyaga maisha yao yote. Itakuwa aibu sisi tushindwe kutoa saa moja kwa njia tuliyoipita tukiwa watoto, miguu mitupu.

Hayo ndiyo tuliyotaka kusema. Wale waliochora mstari wa mwaka 1886 walikuwa na rula nzuri na elimu nyingi, ila hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba hapa wanakaa watu. Leo hatuna udhuru huo, kwa sababu watu hao ni sisi. Nukta imeachwa wazi pale njia ya Issenye inapokutana na barabara. Mwenye kuijua njia na aende akaifunge.